Chupa za Maji Zilizokwenda Kasapa

Niliondoka Kambove kwa sababu utafiti wangu ulikuwa umekwama. Kwa miaka miwili nilichota maji ya visima vya mtaa wetu nijue kama yameingiwa na shaba, lakini sikuwa na maabara, wala mtu wa kunifungulia mlango. Niliposikia watafiti wanakutana Lubumbashi, nilijiandikisha na kufungasha chupa zangu.

Njiani nilijizoeza kujieleza kimoyomoyo: jina, kazi, shida. Tulipopita Likasi maelezo yalikuwa marefu kama hotuba. Tulipoingia Lubumbashi yalitoka kwa pumzi moja.

Nilifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Naviundu. Akanionya, "Kule usikae na bantu ya kwetu tu. Bale utabaonaka ku nyumba." Yaani wale nitawaona tu nikirudi nyumbani.

Asubuhi, Kasapa, chuo kikuu ulikofanyika mkutano. Wakati wa chai nilimfuata profesa mmoja mashuhuri. Alinisikiliza huku akitazama simu, akasema, "Utaniandikia," akaenda zake bila kuacha anwani. Nilitamani kuondoka. Nikamwona mama mmoja amesimama peke yake na kikombe chake, nikamsalimu na kumwuliza kazi yake. Aliitwa Mama Georgine, na ndiye aliyeendesha mashine za kupima maji. Alilalamika kwamba wengi humletea chupa zisizo na maelezo. Nikamfungulia daftari langu: kila kisima, siku niliyochota, mvua, familia zinazokunywa.

Akaweka kikombe chini. "Hii yote umeandika weye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi bachupa iko wapi?"

Jioni hiyo hiyo nilizipeleka maabara kwake.

Siku ya pili, mchana, msemaji mmoja hakutokea. Mama Georgine akasimama. "Huyu mutoto wa Kambove iko na kitu ya kusema!" Nilipanda jukwaani na daftari langu. Niliposhuka ukumbi ulikuwa unapiga makofi, na yule profesa akaja mwenyewe kuniomba namba.

Nikirudi, kabla ya Likasi nilikuwa nimeshawaandikia wote sita niliofahamiana nao mkutanoni, kila mmoja kuhusu jambo tulilozungumza.

Majibu ya maabara yalipokuja, tulifunga visima viwili vilivyokutwa na shaba. Ripoti ina majina mawili, langu na la Mama Georgine. Kwa hiyo nawaambia wenzangu mnaoanza: mwulizeni mtu kazi yake kabla ya kumwomba kitu. Mwezi uliopita mama huyo alikuja Kambove kujionea. Akanywa maji ya kisima cha kanisani, kimoja cha vile alivyovipima vikaonekana salama, mbele ya mtaa mzima, akarudisha kikombe, akasema, "Muniongezee."