Sura ya Shangazi Kwenye Bango la Hija

Shangazi yangu wa kijiji cha Jego alipokuwa anarudi kutoka Hija, kazi ya kutengeneza bango la kumkaribisha niliangushiwa mimi bila mjadala. Nilikuwa nimefungua duka dogo la kuchapisha picha Ukunda, na kwetu mwenye kompyuta huhesabiwa kuwa anajua kila kitu.

Nilichukua ile picha yake ndogo ya duara inayotokea kwenye simu anapokuandikia ujumbe. Nikaivuta ikawa kubwa, nikapanga maandishi, nikatia maua pembeni. Umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi, kwa hiyo kazi yote ikapotea, nikaianza upya mbiombio. Kwenye skrini, bango zima likiwa limepunguzwa lienee, niliiona safi, nikachapisha.

Siku ya mapokezi tukalitundika bango kwenye ukuta wa nyumba yake. Jamaa wakasimama wakilitazama. Uso wa shangazi ulikuwa viraka vya mraba vya kahawia na vyeupe, jicho moja limeungana na pua.

"Huyu ni nani?" mjomba aliniuliza kwa upole.

Kabla sijajibu, gari likaingia uani. Shangazi akateremka, akakumbatiwa na kila mtu, kisha macho yake yakafika ukutani. Nilitamani ardhi inifiche.

"Shikamoo, shangazi. Niwie radhi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenishona kama kofia?"

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuwashinda wote.

Baada ya biriani aliniita jamvini nimweleze kilichotokea. Shangazi ameshona kofia za mkono tangu usichana wake, na jambo asiloelewa halimpi usingizi. Nikamwambia picha ya kompyuta ni viraka vidogo sana vya mraba vilivyopangwa safu safu, kila kimoja na rangi yake moja, na vyaitwa pikseli. Picha ndogo ina vichache. Ukiivuta, hupati vipya, vile vile ndivyo vinavyotanuka mpaka jicho linaviona.

"Ah! Ua la kushonwa kwa vitundu kumi tu, wewe ukataka lijaze kofia nzima."

"Ndivyo hasa, shangazi."

"Na ile kazi ya kwanza, ilikwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Pa kwanza ni RAM, ambapo kazi hukaa wakati unaifanya, na umeme ukikatika hufutika yote. Pa pili ni diski. Ukishahifadhi humo, hata ukiizima mwezi mzima, utaikuta.

"Kwa hiyo hukuitia sandukuni."

"Sikuitia."

"Basi usiisingizie kompyuta. Huo ni uvivu wako."

Nilimpiga picha mpya palepale kwa kamera, akiwa na tasbihi mkononi na manukato ya Makka yangali yananukia, na kesho yake nikaleta bango ambalo hakuna aliyeuliza ni la nani.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe dukani na daftari kuukuu lenye michoro yake ya kofia, karatasi zimeanza kuchanika. Alitaka ziingie kwenye kompyuta. Nilizilaza kwenye skana moja moja, kila mara akinisisitizia nichague nukta nyingi kwa kila inchi, yaani pikseli tele, tangu nilipomwonyesha mahali pa kuzichagua. Kisha akashika kipanya kwa mara ya kwanza maishani, kishale kikamtoroka hadi pembe ya skrini, akakifokea kama kuku aliyeingia jikoni. Tulicheka mpaka adhana ya adhuhuri. Nikafunga duka, tukaenda kuswali, kisha tukatafuta wali wa nazi na samaki.