Makombe ya Musau

Nekoye ungemkuta Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, asubuhi, wakati akina mama wanatoka kwenda kuvuna nanasi. Kila mmoja alipita mlangoni pake, akamwachia mtoto na chupa ya uji, akaenda zake. Alikuwa Mbukusu mfupi, mdomo mkali, mikono laini. Mtoto aliyempigia mama yake kelele njia nzima alinyamaza akishabebwa na Nekoye, na watu walisema huyu mama ana baraka. Baadaye neno hilohilo waliligeuza, wakaanza kuulizana kwa nini watoto wa watu walinyamaza haraka hivyo.

Mumewe, Musau, alikuwa mkata mawe. Alianzia machimbo ya Ndarugo, kisha akasikia Kilifi kuna kazi ya kukata matofali ya mawe meupe ya matumbawe, akafunga virago. Alirudi Krismasi kwa Krismasi, na wenzake wakileta leso, yeye alileta mawe. Msumeno, alieleza, ulikutana na makombe ya baharini ndani ya jiwe lenyewe, nayo yamegeuka mawe kabisa. Alileta chaza, konokono, na kombe moja kubwa lililofunga mdomo, zito kama pasi ya makaa.

"Na bahari iko mbali na machimbo," alisema. "Wazee wa huko wanasema zamani maji yalifika pale juu. Yakarudi chini, yakaacha watu wake."

"Watu gani?"

"Si hawa," akasema Musau, akiyagonga kwa kidole.

Nekoye alicheka sana siku hiyo. Akayatia kikapuni, watoto wakapata vya kuchezea. Binti yao Mueni, ambaye hata maneno hayajamkaa vizuri mdomoni, alijichagulia konokono mdogo wa jiwe, akawa hapati usingizi bila kumshika.

Lakini miaka hiyo ya tisini, nyinyi mliokuwako mnakumbuka, watu walikuwa wanaogopa shetani kuliko njaa. Mhubiri mmoja alikuja na spika yake sokoni Thika, akasema vitu vya wanaoabudu shetani vinatengenezwa chini ya bahari: mikufu, mafuta ya nywele, hata vikombe. Nekoye alikuwa pale na mboga zake mkononi. Aliitikia amina kama wengine, na wala hakukikumbuka kile kikapu.

Basi ikawa siku moja Githinji, mtoto wa Wamboi, anagonga lile kombe kubwa sakafuni, mara akakauka, macho yakageuka. Degedege. Nekoye alimbeba akakimbia naye hadi hospitali bila viatu. Mtoto akalazwa. Na kabla jua halijatua, Kiandutu yote ilikuwa inajua mtoto alikuwa ameshika nini.

Kesho yake hakuna mama aliyemletea mtoto. Saa sita mchana wakaja wenyewe, Wamboi mbele, macho yamevimba kwa kukesha hospitalini. Nyuma yake alikuwa Kagwe, mwenye ploti aliyompangisha Nekoye, na watu wengi, na kijana mmoja mwenye jerikani ya mafuta ya taa. Hakuwa ameificha. Mwezi uliotangulia, mwanamke wa upande wa chini alichomewa chumba kwa maneno kama hayo. Nekoye aliiangalia ile jerikani, na Musau yuko Kilifi.

"Mama Mueni," Kagwe akasema kwa upole, na upole huo ukamtisha zaidi, "hiyo kitu iko wapi?"

"Ni mawe tu, baba. Ya Musau. Yametoka ndani ya mawe."

"Na kitu cha bahari kiliingiaje ndani ya mawe?"

Jibu alilokuwa nalo lilikuwa moja, la watu walioachwa na maji, akalifungia mdomoni. Badala yake alichukua nyundo ya mumewe, akaliweka kombe kizingitini, akalipasua ili wajionee hakuna kitu.

Kumbe kilikuwapo. Ndani mlikuwa na kishimo kimejaa vitu kama vipande vya kioo, vyeupe, vyenye ncha, vinang'aa juani. Watu wakarudi nyuma. Nekoye naye akarudi nyuma.

Wamboi peke yake hakusogea. "Kama ni mawe tu, mpe Mueni ashike," akasema. "Ashike nione. Nitaamini, nirudi kukaa na mtoto wangu."

Hakuomba zaidi ya hilo. Mueni mwenyewe alikuwa ameshanyosha mkono, maana alipenda vitu vya kung'aa. Nekoye akamvuta kwa nguvu, akamficha nyuma ya sketi. Hakufikiria, mkono wake tu ndio uliofanya, na kila mtu akauona.

"Hata wewe," Wamboi akasema polepole. "Hata wewe unajua."

Kagwe akamwambia Nekoye awe ametoka kabla giza halijaingia. Wakaondoka, lakini jerikani waliiacha mlangoni.

Nekoye akaanza kufunga nguo. Alipogeuka, Mueni alikuwa amejilaza kitandani, konokono wake mdomoni, anamlamba kama kila siku tangu Krismasi. Nekoye akanyosha mkono amnyang'anye, ukaishia njiani. Akamwita kwa jina, kutoka palepale aliposimama.

"Mama, nibebe," Mueni akasema, akimnyoshea mikono yote miwili.

Nekoye alikuwa amebeba watoto wa Kiandutu nzima, wenye ukambi, wenye upele, wa kila aina. Huyu wake alishindwa kumkaribia.