Atakayekuja wa Kwanza

Utotoni mwangu, tukiishi Mbagala, niliota uvimbe kwenye unyayo, laini na mweusi kama zambarau iliyoiva. Mama alisema nimekanyaga maji ya Bi Zuhura, jirani yetu muuza vitumbua, ambaye kila alfajiri alimwaga uchochoroni maji ya kuoshea mchele.

"Kila siku pale pale tu, kwa nini?" Mama alisema. "Mwanamke yule ana lake jambo."

Akaletwa mganga. Alinikalisha uani, akachomoa wembe, akapaza sauti ili majirani wasikie: "Nikichanja hapa, mchawi atasikia moto. Atakayekuja wa kwanza, ndiye huyo!"

Mama alinikalia mapajani. Wembe ulipopita, damu haikutoka, iliruka. Ilimpiga mganga usoni. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Alibandika majivu, damu ikayasukuma.

Mlango wa bati ukafunguka kwa kishindo. Bi Zuhura.

"Ndiye!" Mama aliokota mchi, akampiga nao mdomoni. Jino liliruka. Akampiga tena, begani. Bi Zuhura hakukimbia. Alipiga magoti kwenye damu yangu, akavua kanga, akaufunga mguu juu ya kifundo na kukaza kwa nguvu zake zote.

"Utanipiga baadaye, Mama Rehema," alisema, kidevu kikimchuruzika damu. "Tafuta bajaji. Mtoto anaisha huyu!"

Mganga alikuwa ameshatoweka.

"Ni uvimbe wa mishipa ya damu," daktari alimwambia Mama. "Si saratani, wala hakuna aliyemtupia. Ila haukatwi kwa wembe." Niliongezwa damu, nikapasuliwa. Waliifunga kwanza mishipa iliyoulisha, kisha wakautoa wote. Haukurudi tena.

Mama hakuwahi kuomba radhi. Hadi leo husema, "Kama si yeye, mbona alikuja wa kwanza?"

Nilipojifungua, nilimpeleka mwanangu kwa Bi Zuhura. Nikamwuliza, kwa haya, kama siku ile alisikia maneno ya mganga.

"Nilisikia. Mtaa mzima ulisikia," alijibu, akimpokea mtoto. "Unadhani wenzangu walikuwa wamelala?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Waliobaki ndani hawakuwa watu wabaya. Baadaye waliniletea uji na pole. Waliogopa kuitwa wachawi. Naamini naye aliogopa vilevile.

Mama amenuna, lakini nikienda sokoni, mtoto namwachia Bi Zuhura.