Mayai Mawili Nyuma ya Kalenda

Mtu akitaka kuangua mayai ya mjusi kafiri nyumbani kwake, jambo la kwanza ni kumuua mama yao kwa ufagio. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, na sisi ni watu tunaojua kufuga.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, mwaka wangu wa pili wa sekondari huko Tororo. Nilikuwa nimerudi kwetu Busia kwa likizo ndefu. Kwetu Krismasi haiwezi kuingia kwenye nyumba yenye kuta zilizopasuka. Wanawake hubandua udongo wa zamani, wakakandika upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha wakapaka majivu chini na udongo mweupe juu, ili Mtoto Yesu, aliyezaliwa zizini, asije akatuona washamba. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Dabani kusaidia. Alikuja na ufagio wake mwenyewe, maana wetu aliuona mvivu.

Nyuma ya kalenda ya sebuleni, ile yenye picha ya bendera mpya ya uhuru, aliishi mjusi wangu. Nasema wangu kwa sababu kila jioni nilimbandikia kumbikumbi ukutani naye akaja kula karibu na kidole changu. Tulielewana sana: yeye hakusema kitu na mimi sikusema mengi. Mimi ni mtu wa haya. Wageni wakija naingia jikoni, nakaa huko mpaka wasahau kama nyumba hii ina msichana. Shuleni sijanyosha mkono darasani hata mara moja, hata siku niliyobanwa na haja. Mjusi ndiye pekee niliyemweleza hilo, na hakucheka.

Mama hakumpenda. "Akikuangukia utatoka mabaka mwili mzima," alisema kila mara. Mjusi hakuwahi kumwangukia mtu. Alikuwa na adabu kuliko baadhi ya wageni wetu.

Basi Shangazi akaondoa kalenda, akapiga yowe, akapiga na mjusi, kwa mpangilio huo. Mkia ukabaki unacheza peke yake sakafuni. Nikalia kwa sauti. Kwa kuwa nyumba nzima haikuwa imesikia sauti yangu tangu Jumapili, kazi ilisimama.

"Heee! Mama, nani amekufa?" Shangazi ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo hata kunigombeza hunigombeza kwa heshima.

Nikaonyesha ukutani. Pale kalenda ilipokuwa, palikuwa na mayai mawili meupe, makubwa kidogo kuliko punje ya hindi, yameganda kwenye udongo. Shangazi akatazama mayai, akatazama mkia, akanitazama mimi. Ufagio akauweka chini polepole, kama mtu aliyekuwa ameushikilia tu kwa niaba ya mwingine.

"Sasa nini ya kulia? Yai ni yai. Mimi naangua kuku, naangua bata, naangua hata bata mzinga. Hawa watatoka, wewe utaona."

Nilitaka watoke, hata mmoja, na watoke kabla sijarudi shule mwezi wa pili. Katika nyumba ile, nikiondoka mimi, mjusi hana wakili.

Shangazi akayabandua kwa kisu. Moja lilichomoka safi. La pili lilikataa, likatoka na kipande cha udongo cha ukubwa wa kiganja. "Mkaidi huyu," akasema, na jina likamkaa.

Kwanza tuliyaweka chini ya kuku aliyekuwa akilalia. Kuku yule alikuwa na akili kuliko sisi sote: aliinuka, akatutazama, akavisukuma nje vitu vyetu, akaketi tena. Shangazi akamtukana kwa Kisamia kwa muda mrefu.

Kisha akakumbuka kimea. Wimbi likiloweshwa na kufunikwa kwenye gunia ili lichipue, ndani hupata joto kama kitanda cha mgonjwa. Mama alikuwa na gunia zima nyuma ya ghala.

"Ndani ya kimea changu?" Mama akafoka. "Watu wanywe uji wa mijusi?"

"Uji!" Shangazi akacheka. "Huo uji wako wa Krismasi, ule unaofanya mashemeji waimbe?"

Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani, kwa hiyo aligundua ghafla kwamba ana kazi mahali pengine. Lakini kimea kina unyevu mwingi. Siku ya tatu mayai yalianza kuota ukungu wa kijani, tukayatoa mbio. Mwishowe yakakaa ndani ya mkebe wa kakao wenye mchanga mkavu wa ziwani Majanji, juu ya uchaga wa jikoni, moto ukiwa karibu lakini si karibu sana. Hapo kazi ingekuwa imekwisha. Ilibaki tu kuyaacha.

Nani amewahi kumwambia mfugaji wa kuku aliache yai?

Shangazi alichukua mkaa, akachora msalaba upande mmoja wa lile yai lililo huru, na kila asubuhi na kila jioni akaligeuza. Msalaba juu, msalaba chini. Kuku hugeuza mayai yake, kila mtu anajua. Mkaidi hakugeuzika, maana udongo wake ungemponda, basi akasamehewa kwa masikitiko. Shangazi alipaswa kurudi Dabani baada ya Krismasi, lakini alibaki. Alisema ni mguu unamuuma. Mguu huo ulipanda uchagani mara mbili kwa siku bila kulalamika.

Sasa nakiri. Nilijua. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa ametufundisha kwamba yai la mjusi haligeuzwi, lazima likae lilivyotagwa. Nilijua tangu msalaba wa kwanza. Siku moja nilijikaza, nikapanga sentensi nzima kichwani, nikaenda jikoni nikasimama mbele yake.

"Shangazi."

"Sema, mama."

"Maji yamechemka."

Akanishukuru sana kwa habari hiyo, akaligeuza yai.

Siku tatu kabla ya kufungua shule, asubuhi, Mkaidi alipasuka. Kikatoka kichwa cheusi, kisha mguu, kisha kitu kizima chembamba kama uzi wa kiatu, macho makubwa, kikaketi juu ya udongo wake kikitushangaa. Shangazi akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Umeona! Kugeuza, mama! Siri yote ni kugeuza!"

Sijui ni nini kilinipata. "Hilo hukuligeuza, Shangazi."

Akauinamia mkebe.

"Lilishikwa na udongo. Mayai ya mijusi hayageuzwi. Mtoto anajishika upande mmoja ndani, ukimgeuza anakufa. Mwalimu alisema."

"Alisema lini?"

"Mwezi wa tisa."

Akachukua lile yai la msalaba, akalifungua kwa ukucha. Ndani alikuwamo mjusi mkamilifu, amejikunja, mkavu. Akamlaza kwenye kiganja chake kipana.

"Ana vidole," akasema.

Nilisubiri matusi. Hayakuja.

"Mimi hakuna mtu alinifundisha mijusi. Wewe ulifundishwa. Kwa nini hukusema, mama?"

Ningeweza kujibu kwamba ni yeye aliyenifundisha kutowasahihisha wakubwa. Ni kweli, na jibu hilo lingenipendeza. Lakini nilimwambia ukweli mwingine: kwamba niliiogopa sauti yangu kuliko nilivyoogopa yai kufa. Nilipousikia ukitoka mdomoni, ulikuwa mbaya zaidi ya nilivyodhani.

Shangazi hakunipa pole. Akafuta mkono kwenye leso yake.

"Basi sema sasa. Huyu mzima anakula nini?"

"Wadudu wadogo. Na asiguswe."

"Sauti, mama. Mwenye nyumba yuko nje."

"Asiguswe!" nikapaza sauti.

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Asiguswe na nani?"

Mjusi mdogo alikuwa ameanza kupanda ukuta mpya, mweupe.

"Na wewe, Mama," nikasema.