Radi na Mlango wa Bibi

Juzi radi ilipasua anga la Spånga, mtaa wangu huku ugenini, nami, mtu mzima mwenye ndevu, nikajikuta kifudifudi sakafuni. Mwanangu akauliza kwa Kiswidi kama nimepoteza kitu. Usinicheke, rafiki yangu. Ungelelewa na bibi yangu kule Akalla, mtaa wa jirani, nawe ungelala chini.

Bibi alitulea kwa sombe, yaani kisamvu, mwiko na hofu ya radi. Kule Bukavu, askari walimchukua babu siku ya mvua kubwa, na risasi zao zikachanganyika na ngurumo hata bibi asijue ipi ni ipi. Mwili haukuonekana.

Pale Akalla, jirani yetu wa ghorofa ya juu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kampala, mwalimu mstaafu wa Kisanskriti. Alasiri moja, sombe ikitokota, alitueleza kwamba katika mashairi ya kale ya kwao wanyama na mawingu hubeba huzuni za watu. Bata wawili wakitenganishwa na usiku hulia hadi kuche. Tausi hucheza wingu likinguruma, na mke aliyeachwa peke yake hutazama juu, maana msimu wa mvua ndio huwarudisha wasafiri nyumbani. Pale pale radi ikapiga.

"Mulale!" bibi akafoka. Alinibwaga chini, jino langu likavunjikia kwenye mguu wa meza, damu ikanijaa kinywani. Jirani, akidhani tumeambiwa tusinzie, akaenda kututafutia mito. Bibi alimvuta sari, akamwangusha, akamlalia juu kumkinga. Kikombe cha chai kikapasukia kiganjani mwa jirani.

"Dada, ni mvua tu," jirani akasema. "Mvua inaleta bwana nyumbani."

Bibi akamzaba kofi. "Ya kwetu ilimubeba. Haiyamurudisha."

Jirani alimtazama usoni, damu ikimchuruzika mkononi. "Bado?" akauliza.

Bibi akalia, akampigapiga mabega kwa ngumi, na jirani akamwacha ampige.

Tangu hapo, radi ikipiga, bibi aliendelea kutubwaga, ila kwanza alikimbia kufungua mlango, babu asije akaukuta umefungwa. Jirani naye alishuka ngazi, akalala nasi, akighani beti zake mdomo ukiwa kwenye zulia.

Wote wawili wameshafariki, na mimi sikushika hata ubeti mmoja. Inaniuma sana.

Juzi, nikiwa bado pale sakafuni, mwanangu aliniambia nimeuacha mlango wa nje wazi na mvua inaingia. Akataka kuufunga.

"Acha," nikamwambia. "Hajafika."