Sifuri ya Mwalimu Benedikto

Marehemu Shamte, Mwenyezi Mungu amlaze pema, hakuwa mtu wa kuamini alichoambiwa. Ukimwambia mvua imenyesha Somanga, alikutazama miguu kwanza kama ina tope. Kazi yake ilikuwa kulea miche ya mikorosho hapa Miteja, na kila baada ya swala ya alasiri alikagua daftari la bintiye Sauda, wa darasa la nne, kama askari anavyokagua gunia njiani.

Siku hiyo alikuta 36 mara 24. Sauda alikuwa amezidisha kwa nne, akapata 144. Mstari wa chini, kabla ya kuzidisha kwa mbili, alikuwa ametanguliza sifuri, akapata 720. Jumla 864.

"Hii sifuri imetoka wapi?"

"Mwalimu Benedikto katuambia tuiweke, baba."

"Kwenye swali ipo?"

"Haipo."

"Basi imepenyezwa. Mtu akikuingizia kitu kisha akasema si kitu, mshike mkono. Futa!"

Sauda akafuta. Jumla ikawa 216. Kesho yake alirudi na alama nyekundu ya kosa, na onyo: Jumatatu kuna jaribio, na atakayeshindwa kuzidisha atakaa na darasa la tatu. Mtoto alilia mpaka ugali ukapoa.

"Baba Sauda," mkewe Mwanaidi akasema, "umeishitaki sifuri, anayefungwa ni mtoto."

Moyoni Shamte alikwishaona kwamba mwalimu ana lake jambo. Jumamosi alfajiri akamchukua Sauda mpaka kwenye kitalu, ambako miche huota ndani ya viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki.

"Ardhi haina sifuri ya kupenyeza. Tupange safu ishirini na nne, kila safu viriba thelathini na sita."

Walipomaliza, jua lilikuwa kali. Shamte akahesabu safu nne za mwanzo: 144. Akakubali kwa kichwa, hapo hapana ugomvi.

"Zimebaki safu ngapi?"

"Ishirini, baba."

Akatazama daftari. "Mbona hapa ulizidisha kwa mbili?"

"Hiyo mbili ni ishirini. Sifuri ndiyo inayosema hivyo. Bila yake safu kumi na nane tunaziacha."

Shamte akakunja uso. Akaanza kuhesabu kiriba kimoja kimoja mpaka mwisho. Akapata 863.

"Umeona! Mwalimu wako kazidisha mmoja!"

Sauda akapita safu kwa safu, akihesabu, akasimama kwenye ya kumi na saba. "Hii ina thelathini na tano, baba. Uliipanga wewe."

Shamte akaihesabu mara tatu. Kisha akabeba kiriba kimoja kutoka pembeni, akakijazia pale.

"Irudishe sifuri ya watu," akasema.

Jumatatu alisimama dirishani mwa darasa muda wote wa jaribio.

"Shikamoo, mzee. Karibu ndani," akasema Mwalimu Benedikto.

"Marahaba. Hapahapa panatosha."

Sauda alipata yote kumi. Shamte akavua kofia. "Mwalimu, nisamehe kwa ajili ya Mungu. Nilikudhania vibaya, na dhana mbaya ni dhambi."

"Yamekwisha, mzee wangu."

"Alhamdulillahi. Sasa nipe hiyo karatasi niisahihishe tena mwenyewe."