Mama Mashuka na shali iliyonywea

Saa mbili asubuhi, toroli la kwanza linaingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, gurudumu lake moja likilia kama mbuzi aliyefungwa. Mama Mashuka halitazami. Amesimama mbele ya sinki refu la saruji, gambuti miguuni, aproni ya plastiki ikimfika chini ya magoti, na anachambua mashuka. Yenye damu kulia, yenye matapishi kushoto, yaliyochafuka kwa jasho tu katikati.

"Jasho ni zawadi," anasema bila kugeuka. "Likija toroli la jasho tupu, kwangu ni sikukuu."

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza humu, akifua mashuka ya wodi kumi na moja. Zamani walikuwa madobi sita. Wamebaki wawili, yeye na mwendesha mashine ambaye hospitali nzima humwita Kipara, ingawa nywele anazo tele.

Mashine nazo zilikuwa tatu. Moja inafua, moja inanguruma tu bila kuzunguka, na ya tatu wameigeuza meza ya chai. Siku ya kawaida huja mashuka mia tatu. Jumatatu hupita mia nne, na shuka likishalowa maji huwa zito kama mtoto anayegoma kubebwa.

"Mgongo wangu ulistaafu siku nyingi," anasema huku akijinyoosha, mkono mmoja kiunoni. "Mimi ndiye niliyebaki kazini."

Miaka minne iliyopita mume wake, fundi seremala, alilazwa wodi namba nne. Siku ya tisa akafariki dunia. Likizo ya msiba ilipokwisha, mkewe alirudi kazini, na toroli la kwanza kusukumwa mbele yake lilikuwa la wodi namba nne. Akafua.

Tangu hapo kitu fulani ndani yake kilinyamaza. Hakuacha kwenda kanisani, maana amelelewa humo, lakini alikwenda kama mtu anayeingia zamu.

"Wakisimama nasimama, wakikaa nakaa," anasema taratibu, kama anayekiri. "Wakisema tuombe, nafumba macho halafu nahesabu mashuka. Akina mama wenzangu wakinipa zamu ya kuomba, nasingizia koo. Miaka minne koo linauma! Hata wao walijua, ila walinistahi."

Halafu ikaja Jumanne moja, miezi mitatu iliyopita.

Msichana wa kama miaka ishirini na mitano alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia. Alivaa kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu. Mama Mashuka aliziona zile kandambili kabla ya kuuona uso, na akajua. Yeye mwenyewe, siku ya mumewe, alishinda amevaa gauni ndani nje mpaka jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Msichana hakuuliza amejuaje. Alieleza kwamba mama yake amefariki jana asubuhi, na kwamba kitandani alikuwa amejifunika shali yake mwenyewe, ya sufu, rangi ya machungwa, aliyoifuma kwa mikono yake kabla hajaugua. Wahudumu walipotandua kitanda, shali ilikunjwa pamoja na mashuka. Mazishi yalikuwa kesho yake, na alitaka mama alazwe nayo.

Kipara alikuna kichwa. "Dada yangu, toroli la jana limeshachemshwa. Na sufu na maji ya moto ni paka na panya. Hiyo isahau tu."

Mama Mashuka alimtazama Kipara, kisha akaitazama milima ya mashuka iliyokuwa ikingoja. Yale ya jana, zaidi ya mia nne, yalikuwa yamesongamana kwenye mapipa, mabichi, yakisubiri kuanikwa. Ya leo hayajaguswa. Alikuwa amechoka tangu alipoamka.

"Kaa hapo kwenye ndoo," alimwambia msichana. "Tutayaangalia moja moja."

"Mama, tutalala humu!" Kipara akalalamika.

"Wewe kalale. Tukiipata tutakuamsha."

Kipara hakwenda kulala. Alinung'unika, akakunja mikono ya shati, akaanza pipa la upande wa pili. Walitoa shuka, wakalikung'uta, wakaliweka kando. Msichana naye hakuweza kukaa. Aliinuka kwenye ndoo akawa anapokea ncha ya pili, na chumba kikajaa mlio wa vitambaa vibichi vikipigwa hewani. Saa tatu, saa nne, saa tano. Kiuno cha Mama Mashuka kilikuwa kinawaka moto.

Katika pipa la tatu, ndani ya foronya, wakaiona.

Rangi ilikuwa ileile ya machungwa. Lakini shali iliyomtosha mtu mzima sasa ilikuwa na upana wa taulo la uso, nene, ngumu, matundu yote ya ufumaji yamefumba. Kipara aligeuka akajifanya anakagua mashine mbovu.

"Ni sisi tulioichemsha," anakumbuka Mama Mashuka. "Nikamwambia, mwanangu, nisamehe."

Msichana aliishika kwa mikono miwili, akaitandaza kifuani. Machozi yalimtiririka, na katikati ya machozi akaguna, mguno uliokaribia kuwa kicheko.

"Mama mwenyewe alikuwa amenywea hivihivi," alisema. "Hii itamtosha. Ile ya kwanza ingempwaya."

Hapo wote watatu wakacheka, wakalia. Kisha msichana akasema jambo ambalo Mama Mashuka hakulitarajia: "Mama, naomba uniombee kabla sijaondoka. Sina mtu mzima mwingine hapa."

Koo likakauka, safari hii bila kusingizia. Alimshika msichana mkono, akafumba macho, akatafuta neno. Hakulipata. Hata mashuka ya kuhesabu hakuyaona.

Kilichomjia ni mama yake mzazi, mjane aliyelima vibarua kwenye mashamba ya watu. Kila alasiri alirudi nyumbani, na kabla hajatua jembe alisimama mlangoni, kiganja kwenye mwimo, akasema: "Bwana, nimechoka, lakini nimefika." Basi. Ndiyo sala yote. Mama wa nyumba za jirani waliomba mpaka uji ukapoa, yeye aliomba kwa pumzi moja. Watoto wake sita waliona aibu. Kaka yao mkubwa aliwahi kumuigiza, akaonja mwiko kisogoni.

"Sikuwahi kufikiri kwamba ile ni sala," anasema. "Nilidhani ni uchovu tu unaongea."

Pale kwenye chumba cha kufulia, maji yakichuruzika sakafuni, alifungua kinywa na kusema: "Bwana, tumechoka, lakini tumefika. Mpokee mama yetu."

"Amina," akasema msichana. Na Kipara, ambaye kanisani huonekana kwenye harusi tu, naye akaitikia.

Je, mzigo ulishuka? Mama Mashuka anacheka kidogo. "Mgongo uliniuma jioni ileile kama kawaida. Mshahara bado unaisha mwezi ukiwa katikati. Na mume wangu hajarudi. Lakini yule niliyemnunia miaka minne, niligundua hajaondoka. Alikuwa amekaa tu, ananisubiri nimalize kununa."

Koo limepona. Akina mama wenzake wakimpa zamu, anaomba, kwa pumzi moja, na wengine wameanza kumuiga, bila mzaha.

Amebakiza miaka miwili kustaafu, na kabla ya hapo ana jambo. Kila saa ya chakula, yeye na Kipara huchukua mashuka yaliyochakaa, yeye akashona, Kipara akakata, wakatengeneza mifuko. Kila kitanda kitapata mmoja, ili nguo za wagonjwa zisichanganyike tena na za hospitali. Vitanda ni mia moja sitini na vinne. Mifuko iliyokamilika ni kumi na tisa. Muuguzi wa wodi namba nne amekubali waanze kwake.

Muuguzi alipendekeza kila mfuko uandikwe "Mali ya mgonjwa." Mama Mashuka alikataa.

"Mgonjwa anaweza kuondoka," anasema, akiuma uzi kwa meno. "Nataka neno ambalo hata akiondoka linabaki kweli."

Anaugeuza mfuko wa ishirini upande wa nje na kuunyoosha gotini. Maneno ameyashona kwa uzi mweusi, herufi zimepinda kidogo: *Kilichomo kina mwenyewe.*